Gari likila oili, tusianze na dereva

KWA miezi minne mfululizo tulimkata dereva wetu mshahara kwa kosa ambalo hakulitenda. Kosa lenyewe lilitokana na kipande cha mpira chenye urefu wa mkono, na aliyekichezea ni mimi.

Naandika haya kwa sababu najua wengi wetu tunaishi kwa kutegemea gari moja kuukuu. Wapo waliorudi kutoka Tanzania kama mimi, wakaunganisha akiba za familia mbili tatu na kununua Hiace au Hilux iliyokwisha kuchoka. Wapo wafanyabiashara wa Mugina na Manyovu ambao mawese, dagaa na mchele wao hupanda na kushuka milima katika magari hayo hayo. Gari la namna hiyo likianza kula oili, wenye gari nao huanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi waliyopewa wakimbizi wa mwaka 1972. Nilisoma huko kwa Kiswahili, chini ya walimu wa Kitanzania, na nikarudi Burundi mwaka 2009. Sasa nafundisha sayansi upande wa Mabanda, na Kifaransa changu bado kinawachekesha wanafunzi.

Somo la injini sikulipata darasani. Kijijini kwetu kulikuwa na mashine ya kusaga iliyoendeshwa na Lister, injini ya dizeli ya silinda moja inayowashwa kwa kuzungusha mpini. Sisi watoto tulikuwa tunashindana nani anaweza kuuzungusha. Injini ilipokuwa nzima, mpini ulikuwa ukifika mahali unakukatalia, kwa sababu hewa ndani ya silinda imebanwa na haina pa kutokea. Ulifika mwaka ambao hata mdogo wangu aliuzungusha bila taabu. Tulishangilia tukidhani amekua. Fundi alitikisa kichwa na kusema, "Huyo mtoto hajakua. Ni ringi zimekwisha."

Maneno hayo nilipaswa kuyakumbuka miaka mingi baadaye.

Mwaka 2014 tulinunua Hiace. Tulikuwa watu watatu: mimi, mama mmoja muuza mawese wa Nyanza-Lac ambaye tulirudi naye katika msafara mmoja, na mzee mmoja aliyekuwa mkulima wa tumbaku Ulyankulu. Gari lilikuwa na injini ya Toyota aina ya 3L, dizeli isiyo na turbo, silinda nne, ujazo wa cc 2,779. Ni injini ya kazi, inavumilia mzigo na spea zake hazisumbui kupatikana.

Dereva tuliyempata yeye hakuwahi kukimbia nchi. Alizaliwa hapa na alikulia hapa. Huku sisi tuliorudi wengine wanatuita Watanzania, nasi tunawaita wenzetu waliobaki, na maneno hayo mawili yakitamkwa kwa hasira huwa na uzito wake. Zaidi ya hapo, ukoo wa dereva na yule mzee wetu walikuwa wamegawana shamba moja kwa usuluhishi. Kila upande ulikubali, lakini hakuna uliofurahi.

Kwa hiyo, katikati ya mwaka 2023, gari lilipoanza kumaliza lita moja ya oili kwa kila kilomita 300 hivi, shaka haikuchelewa kupata mtu wa kumwangukia.

"Oili haina miguu," alisema mzee katika kikao chetu. Mama muuza mawese alinyamaza. Mimi nilitoa hoja niliyoiona ya haki, kwamba gharama ya oili inayozidi kiwango ikatwe katika mshahara wa dereva hadi atakapoeleza inakokwenda. Dereva alitutazama mmoja mmoja na hakujibu neno.

Mwezi wa nne wa makato alikuja nyumbani kwangu jioni. Hakukaa. Alisema, "Mwalimu, wewe si unafundisha sayansi? Kesho panda gari, kaa na dumu la oili miguuni kwako, halafu uniambie nimeiuza wapi."

Nilipanda. Kabla ya kuondoka tulipima oili gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa muda wa dakika kumi. Ilikuwa kwenye alama ya juu. Tulishuka Nyanza-Lac, tukapakia mawese, tukapanda tena Mabanda hadi Mugina, tukavuka kwenda Kigoma, na siku ya pili tukarudi. Dumu halikubanduka miguuni mwangu. Tulipopima tena mahali pale pale, oili ilikuwa imefika karibu na alama ya chini.

Ndugu msomaji, aibu niliyoipata asubuhi ile ndiyo iliyonifanya nivue shati la ualimu na kuingia chini ya gari.

Oili ya injini ina njia chache za kupotea. Inaweza kuvuja nje, na hapo utaona matone. Inaweza kuungua ndani, na hapo bomba la moshi hutoa moshi wa bluu. Inaweza kuingia katika maji ya rejeta. Au inaweza kusukumwa nje na upepo kutoka ndani ya injini yenyewe, hali ambayo mafundi wetu huieleza kwa kusema injini inapumua.

Kupumua huku maana yake ni hii. Pistoni huzungukwa na ringi, ambazo mafundi wa Bujumbura huziita kwa jina la Kifaransa. Kazi yake ni kuziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Mafuta yanapolipuka, nguvu yote inatakiwa kuisukuma pistoni chini. Ringi zikichoka, sehemu ya moto na moshi hupenya pembeni na kushuka kwenye chemba ya oili. Hakuna injini isiyopenyeza hata kidogo, ndiyo maana watengenezaji wanaweka mpira wa kupumulia kwenye kifuniko cha juu, unaorudisha upepo huo kwenye bomba la kuingizia hewa ukaunguzwe upya. Upepo ukizidi uwezo wa mpira, hutafuta njia nyingine: kwenye kijiti cha kupimia oili, kwenye sili za mbele na nyuma, popote penye udhaifu. Na unapotoka, hutoka na oili.

Jambo la kwanza tulilofanya linaweza kufanywa na mtu yeyote. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, tulifungua kifuniko cha kujazia oili, tukakigeuza na kukiweka juu ya tundu lake bila kukikaza. Kwenye injini nzima kifuniko hutetemeka tu. Chetu kiliruka kama mfuniko wa sufuria ya maharage, na moshi ukatoka kwa mapigo: pu, pu, pu.

Mapigo hayo ni maneno. Moshi ukitoka mfululizo kama mvuke wa birika, mara nyingi silinda zote zimechoka kwa pamoja. Ukitoka kwa mapigo yenye mpangilio, shuku silinda moja. Lakini hiyo ni shuku tu. Fundi wa kwanza tuliyempelekea gari alitazama moshi ule kwa nusu dakika akasema injini imekufa, tutafute nyingine ya mtumba, naye anamjua anayeuza. Bei aliyoitaja ilikuwa zaidi ya mara mbili ya akiba yote tuliyokuwa nayo. Mama muuza mawese aliuliza kama inawezekana kulipa kidogo kidogo. Nilimwomba asubiri wiki moja.

Nikasema nitapima kwanza kila kitu ambacho hakihitaji kufungua injini.

Nilianza na mpira wa kupumulia. Kwetu haukuwa umefungwa kwenye bomba la hewa, ulikuwa umeelekezwa chini unaning'inia karibu na barabara. Nilipouona hivyo nilikumbuka ni mimi niliyesema ufanywe hivyo, mwaka 2020, lakini sikuona ubaya wake. Mdomo wa mpira ulikuwa umeziba zaidi ya nusu kwa tope gumu la oili na vumbi. Tuliuosha kwa mafuta ya taa, tukaupuliza na kuurudisha. Siku iliyofuata mdomo wa kijiti cha kupimia oili haukulowana tena. Kumbe sehemu ya uvujaji ilitokana na kuziba kule. Hata hivyo, kifuniko kiliendelea kuruka.

Kwa wengine safari ingeishia hapo, maana mpira ulioziba peke yake unatosha kuifanya injini nzima ionekane mgonjwa mahututi. Nimewahi kuona gari la mtu likibadilishwa sili ya nyuma ya krenki mara mbili, na sili zote mbili zikavuja, kwa sababu hakuna aliyeutazama mpira wa kupumulia.

Jambo la pili ni la magari ya dizeli, na mafundi wengi hulisahau. Injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha wa kusaidia breki kama ya petroli, kwa hiyo huwekewa pampu ndogo ya kufyonza hewa. Kwenye injini hizi za Toyota pampu hiyo iko nyuma ya altaneta. Inalainishwa na oili ya injini, na hewa inayoifyonza huitupa ndani ya injini pamoja na oili hiyo. Mpira wa breki ukipasuka au sevo ya breki ikivuja, pampu hufyonza hewa mchana kutwa na kuijaza ndani ya injini. Ukifungua kifuniko utaona injini inapumua, utalia, utanunua ringi, kumbe ugonjwa uko kwenye breki.

Kupima ni rahisi. Gari likiwa limesimama na magurudumu yamewekewa mawe, bana kwa muda mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye sevo, kisha tazama kifuniko. Upepo ukipungua, umepata. Usisahau kuuachia kabla ya kuondoka, maana bila pampu hiyo kanyagio la breki huwa gumu kama jiwe. Kwetu hakukuwa na mabadiliko.

Ilibaki kupima mgandamizo wa silinda, kile ambacho mafundi huita kompresheni. Hapa kuna mtego. Geji ya gari la petroli haifai kabisa, kwa sababu dizeli hubana hewa kwa nguvu maradufu na zaidi. Tuliazima geji ya dizeli kwa fundi wa malori. Tulitoa hita plagi zote nne, tukachomoa waya unaofungulia mafuta kwenye pampu ili injini isiwake, tukahakikisha betri imejaa, kisha tukazungusha kwa stata, silinda moja baada ya nyingine.

Kitabu cha Toyota cha injini hizi kinataka baa 31 hivi kwa injini nzima, isishuke chini ya 20, na silinda zisitofautiane zaidi ya baa 5. Sisi tulipata 27 ya kwanza, 26 ya pili, 17 ya tatu na 26 ya nne.

Dereva aliandika tarakimu hizo kwenye daftari langu la maksi. Aliipigia mstari ile 17 mara mbili.

Lakini hata 17 haisemi hewa inatokea wapi. Inaweza kuwa ringi, inaweza kuwa valvu isiyokaa vizuri, inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi. Mafundi wengi humimina kijiko cha oili kwenye silinda na kupima tena: namba ikipanda, ni ringi. Njia hiyo ni nzuri kwa petroli. Kwa dizeli nafasi iliyo juu ya pistoni ni ndogo mno, oili kidogo tu inapandisha namba kwa uongo, na ikizidi inaweza kupinda mkono wa pistoni, kwa kuwa oili haibanwi. Nikaona tutumie njia nyingine.

Tulichukua hita plagi iliyoungua, tukaitoboa katikati, na fundi wa kuchomelea akaiunganisha na vavu ya tairi. Tukaifunga kwenye silinda ya tatu, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefunga. Kisha tulimwita fundi wa pancha wa jirani alete mpira wa kompresa yake.

Tahadhari kwa atakayejaribu: upepo wa kompresa unaweza kuizungusha injini ghafla na feni ikachukua vidole. Weka gia, weka mawe kwenye magurudumu, na toa mikono.

Baada ya hapo kazi ni kusikiliza. Upepo ukisikika kwenye bomba la kuingizia hewa, valvu ya kuingiza inavuja. Ukisikika kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi au hedi imepasuka. Ukisikika kwenye tundu la kujazia oili, umepita kwenye ringi.

Fundi wa pancha alifungua upepo. Dereva aliinamisha sikio kwenye bomba la moshi, kimya. Mimi niliinama kwenye tundu la oili nikapigwa na upepo usoni hadi miwani ikaingia ukungu.

Silinda nyingine zilitoa upepo kidogo. Kwa hiyo injini haikuwa imekufa. Ilikuwa na silinda moja iliyoharibika vibaya na tatu zenye uchovu wa kawaida wa umri.

Fundi wa pili, wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa mafundi wake na kwa Kiswahili chake, alikubali kufungua bila kushusha injini yote. Alitoa hedi juu na sampu chini, akaisukuma pistoni ya tatu. Ringi ya juu ilikuwa imeliwa hadi imekuwa nyembamba kama wembe. Alichukua ringi ile akaiingiza ndani ya silinda na kupima pengo la ncha zake. Kwa silinda ya milimita 96 kama hii, ringi mpya huacha pengo la karibu nusu milimita. Yetu iliacha zaidi ya milimita mbili. Ukuta wa silinda nao ulikuwa na ngazi juu, ukipitisha ukucha unakwama.

Nilidhani sasa tumemaliza. Fundi wa Buyenzi hakudhani hivyo. Aliuliza swali ambalo nampa heshima kwalo hadi leo: "Kwa nini hii moja tu?"

Aliingiza kidole kwenye njia ya kuingizia hewa, akakitoa na kunionesha. Kilikuwa kimepakwa unga mwekundu, laini kama poda. Vumbi. Na vumbi likiingia kwenye injini huchanganyika na oili likawa msasa. Alifuata bomba la hewa nyuma kuelekea kwenye filta akaitoa. Filta ilikuwa nzima, haina tundu. Akapapasa bomba lenyewe, na upande wa chini, mahali pasipoonekana, kidole chake kikazama kwenye tundu.

Lilikuwa tundu la ule mpira wa kupumulia.

Nieleze sasa nilichofanya mwaka 2020. Wakati ule filta ya hewa ilikuwa inalowa oili. Nilikuwa nimewahi kuona lori la dizeli likivuta oili yake yenyewe kupitia njia ya hewa. Lilipandisha resi peke yake, likakataa kuzimwa kwa ufunguo, likanguruma hadi injini ikapasuka. Niliogopa gari letu lisifikie huko. Nikaamuru mpira uchomolewe kwenye bomba la hewa na kuelekezwa chini. Tundu lililobaki wazi nililiziba kwa kitambaa na kukifunga kwa mpira wa baiskeli. Nilijisifu hata mbele ya wanafunzi.

Kitambaa kilioza, kikaanguka, na hakuna aliyejua ni lini. Tangu siku hiyo injini ilikuwa inavuta vumbi la barabara za mashambani, tunakokwenda kukusanya maharage na muhogo, moja kwa moja bila kupita kwenye filta. Tundu lile lilikuwa limeelekea upande wa tawi la silinda ya tatu. Fundi alisema ndiyo maana ile ilikula zaidi kuliko wenzake.

Na kilichonikata maini zaidi ni chanzo cha chanzo. Mwaka 2020 filta ililowa kwa sababu tulikuwa tunajaza oili kupita alama ya juu, tukidhani tunaitendea injini wema. Oili ikizidi, krenki huipiga kama mtu anayepiga mayai, na povu lake hupanda na kutoka kwenye mpira wa kupumulia. Dawa ilikuwa kupunguza nusu lita. Basi.

Kuhusu matengenezo, tulikuwa na njia mbili. Ya bei nafuu ni kuweka ringi mpya na kuukwaruza ukuta wa silinda ushike oili. Njia hiyo inafaa ukuta ukiwa bado mviringo na hauna ngazi. Wetu ulikuwa na ngazi, na ringi mpya juu ya ngazi huvunjika. Tukachagua ya pili: bloku lilichongwa silinda zote nne na kuwekwa pistoni za saizi kubwa kidogo, ya 0.50. Hapo ilibidi injini ishuke kabisa. Valvu zilisagwa, sili zake zikawa mpya, gasketi mpya. Gharama yote ilikuwa chini ya nusu ya injini ya mtumba, ambayo nayo tungenunua bila kujua imepumua mara ngapi huko ilikotoka.

Mpira wa kupumulia ulirudishwa kwenye bomba la hewa, mahali pake, kwa klempu ya chuma.

Kilomita 1,000 za kwanza tulibeba nusu mzigo, bila kuiacha injini sailensa kwa muda mrefu na bila kuikamua mlimani. Kisha tulimwaga oili na kubadilisha filta yake. Oili tunayotumia ni ya kawaida ya dizeli, 15W-40. Watu walitushauri tuweke oili nzito. Oili nzito hupunguza moshi kwa muda, na ndiyo maana wauzaji wa magari wanaipenda. Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua gari kuukuu, likague likiwa la moto baada ya kulipandisha kilima, wala usikubali kuoneshwa asubuhi likiwa la baridi. Fungua kifuniko cha oili. Tafuta mpira wa kupumulia. Ukiukuta unaning'inia chini, uliza kwa nini, kisha uliza tundu lake limezibwa na nini. Injini iliyooshwa iking'aa nayo inataka maswali, hasa pembeni ya kijiti cha oili.

Kikao cha mwisho kilikuwa kigumu kuliko kazi yote ya gereji. Niliweka mezani ringi iliyoliwa, daftari lenye zile namba nne, na kipande cha mpira wa baiskeli kilichokuwa bado kimekwama kwenye bomba. Nilieleza kila kitu mbele ya dereva. Mzee aliishika ile ringi, akaigeuza geuza, akaiweka chini.

"Kwa hiyo ni Mtanzania aliyeiba oili," alisema dereva.

Mama muuza mawese alicheka kwanza. Mzee alichelewa kidogo, lakini naye akacheka. Mimi sikucheka siku ile.

Tulikubaliana kumrudishia makato ya miezi minne kwa awamu, na nusu ya fedha hizo nilizitoa mimi. Awamu ya mwisho tulimpa wiki ya Pasaka mwaka 2024. Alizihesabu noti mbele yetu, akazikunja na kuzitia mfukoni, kisha akaenda kufungua boneti kupima oili, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri kulikuwa na safari ya Manyovu.